Treni za Disney World: kusubiri mpya si sababu ya kulegeza spana

Nyuma ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za burudani za Disney World ya Florida, mahali ambapo mgeni hafiki, kuna karakana ya ghorofa mbili. Chini zinalala treni za mvuke zinazoizunguka bustani, na juu zinalala treni za monoreli, yaani zinazopita juu ya boriti moja badala ya reli mbili. Vichwa vya mvuke viko vinne, vyote vya kiwanda cha Baldwin cha Pennsylvania. Viliundwa kati ya 1916 na 1928, vikafanya kazi huko Yucatán, Mexico, hadi Disney ilipovinunua mwaka 1969. Treni za juu ni za 1989 hadi 1991. Ukimuuliza mpita njia ni ghorofa gani yenye chombo kinachokaribia mwisho wake, atakuonyesha ya chini. Mimi nasema ni ya juu, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Kichwa cha mvuke ni chuma, moto na maji. Bomba likioza, fundi hodari hutengeneza jingine. Gurudumu likilika huchongwa upya. Boila ikihitaji ukarabati mkubwa, hupelekwa kwa mabingwa wa reli za kale kule Strasburg, Pennsylvania, na hurudi ikiwa na miaka mingine mbele yake. Ni vipuri vichache sana vya chombo hicho ambavyo karakana yenye mashine ya kukereza chuma itashindwa kuvitengeneza ikiwa na mchoro mezani. Treni ya monoreli ya miaka ya 1980 ni habari nyingine. Ina kadi za elektroniki, vidhibiti vya mota, vihisi vya milango na nyaya nyingi zilizopita ndani ya kuta. Chipu ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani haichongwi. Utaitafuta kwenye maghala ya vitu vya kale, au utaing'oa kwenye treni nyingine, au utabuni mfumo mzima wa kuchukua nafasi yake. Zote tatu ni njia za gharama, na hakuna hata moja ambayo abiria ataiona kwenye rangi ya nje.

Treni hizi huitwa Mark VI na ziliundwa na Bombardier ya Kanada. Ziko 12, kila moja kwa jina la rangi yake: Red, Coral, Gold, Lime, Teal na nyinginezo. Treni moja ina mabehewa sita, urefu wa karibu mita 62, na ikijaa hubeba watu wapatao 360. Hukimbia kwa matairi ya mpira juu ya boriti ya zege yenye upana wa sentimita 66, na umeme wake, volti 600 za mkondo mnyoofu, huchukuliwa kutoka kwenye ukanda wa chuma ulioshikizwa ubavuni mwa boriti hiyo. Njia zote tatu zikijumlishwa zinakaribia kilomita 24. Mbili zinazunguka ziwa la Seven Seas Lagoon, moja ikisimama kwenye hoteli na nyingine ikienda moja kwa moja, na ya tatu inakwenda Epcot, bustani nyingine ya Disney World. Watu wengi wanaikumbuka kwa picha ya treni ikipita katikati ya ukumbi wa hoteli ya Contemporary, watu wakinywa kahawa chini yake.

Picha hiyo nzuri imetudanganya kidogo. Imetufanya tuione monoreli kama pambo, wakati ni chombo cha usafiri hasa. Maegesho makuu ya Magic Kingdom hayako mlangoni. Yako ng'ambo ya ziwa, na anayeacha gari lake pale hupanda monoreli au kivuko ili afike. Monoreli ikisimama, umati wote humiminikia vivuko na mabasi, na usiku, baada ya fataki, umati huo ni wa wazazi waliobeba watoto waliolala mabegani. Walt Disney mwenyewe, alipoileta treni hii Disneyland ya California mwaka 1959, alitaka watu waione kama usafiri wa mijini wa kesho. Basi tuipime hivyo, kama tunavyopima treni ya mji.

Na treni ya mji huwa na umri unaojulikana. Kwa kawaida mabehewa ya metro hutarajiwa kufanya kazi miaka 30 hadi 40, kwa sharti moja ambalo watu hupenda kulisahau: katikati ya umri huo yafunguliwe yote, yabadilishwe milango, nyaya, mota na vidhibiti, kisha yaanze nusu ya pili ya maisha. Mark IV, treni za kwanza za Florida zilizoanza kazi Oktoba 1971, hazikufika hata miaka 20 zikaondolewa zote. Mark VI zilizozirithi zimepita 35. Siisemi namba hiyo kwa kuzicheka. Hakuna aibu katika uzee wa mashine inayotunzwa, na mafundi waliozifikisha hapo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Ninachouliza ni zimefikaje hapo: kwa mpango, au kwa ngojangoja?

Tetesi za treni mpya zimezunguka kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mwaka kuna anayedai kwamba safari hii ni kweli. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na karakanani tumbo hilo ni bajeti. Meneja anayeamini kwamba treni mpya zinakuja baada ya miaka mitatu hataidhinisha kubadilisha milango yote ya zamani, kwa sababu faida ya kazi hiyo inahitaji miaka kumi kurudi. Kwa hesabu yake yuko sahihi. Miaka mitatu ikipita bila treni mpya, anapiga hesabu ileile tena na anapata jibu lilelile. Akirudia mara nne, miaka 12 imepotea, na milango ni ileile. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alikaa akaamua kuitelekeza treni. Iliachwa kwa maamuzi madogo ambayo kila moja lilionekana la busara.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo watu wa nje hawalioni wanapolalamikia treni chakavu. Wanadhani kuna mtu mwenye choyo au mzembe. Mara nyingi kuna tarehe tu inayosogezwa mbele.

Tazama pia jinsi upungufu unavyojizalisha. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba njia tatu zinahitaji treni tisa asubuhi. Ukiwa na 12, tatu zinabaki karakanani kwa zamu, na fundi ana mchana mzima wa kufungua kitu na kukifunga vizuri. Mbili zikiharibika kwa muda mrefu, inabaki moja tu ya akiba. Sasa kazi ya mchana inahamia usiku, kwenye saa chache kati ya abiria wa mwisho na wa kwanza. Fundi hapati tena nafasi ya kutafuta chanzo, anatafuta njia ya kuifanya treni itoke saa moja asubuhi. Treni tisa zinazotoka zinakimbia kilomita nyingi zaidi kuliko zilivyopangiwa, nazo zinachakaa upesi, na ile ya akiba inaanza kutolewa vipuri ili kuziokoa nyingine. Ukishafungua treni nzima ili kulisha wenzake, kuirudisha barabarani ni kazi ya miezi. Kikosi cha treni 12 kinaweza kufika hapo bila tangazo lolote. Abiria ataona tu kwamba anasubiri muda mrefu zaidi kituoni.

Mlango wa treni ya umri huu una kazi ngumu kuliko mota. Mota inazunguka tu. Mlango unafunguka na kufunga mamia ya mara kwa siku, unasukumwa na mabega, unazuiwa na vigari vya watoto, unapigwa na jua la Florida na mvua yake ya alasiri. Swichi ndogo inayoiambia treni kwamba mlango umefungwa hulegea milimita chache, na hapo kuna makosa mawili yanayowezekana. La kwanza ni mlango uliofungwa kusomeka kuwa wazi, na treni ikagoma kuondoka. Hilo linaudhi tu. La pili ni kinyume chake. Januari 2018 abiria alirekodi video ya treni ya monoreli ya Disney World ikisafiri huku mlango wa behewa ukiwa wazi, juu kabisa ya ardhi. Hakuna aliyeanguka. Video ile sikuiona kama kituko cha mtandaoni, nami sipendi ilivyosambazwa kwa vicheko.

Tairi nalo lina historia yake hapa. Juni 1985, treni ya Mark IV ikitoka Epcot ilishika moto kwenye behewa la nyuma. Abiria walivunja madirisha kwa mateke, wakapanda juu ya paa kupitia ubavuni, na wazima moto wakawateremsha kutoka huko. Baadaye ilibainika kwamba tairi lililoisha upepo lilikuwa limeburutwa juu ya zege mpaka joto la msuguano likawasha moto. Tairi moja. Treni ile haikuwa na vifaa vya kutambua moto wala milango ya dharura. Mark VI zilikuja na mafunzo ya siku hiyo, na huo ndio wema wa chombo kipya: kinabeba kumbukumbu za makosa ya kilichotangulia. Lakini kinazibeba kwa masharti kwamba vifaa hivyo vya usalama vyenyewe vinapimwa, vinasafishwa na kubadilishwa kadiri vinavyozeeka.

Ajali kubwa kuliko zote haikusababishwa na kipuri. Usiku wa tarehe 5 Julai 2009 treni ya Purple iligongwa na treni ya Pink iliyokuwa ikirudi nyuma kwenye kituo cha maegesho makuu, na dereva kijana wa miaka 21 akafa. Ilikusudiwa Pink ihame kutoka njia ya Epcot kwenda njia nyingine, lakini boriti ya kubadilishia njia haikuwa imegeuzwa. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitaja kushindwa kuigeuza boriti na kushindwa kuhakiki kabla ya kuruhusu treni irudi nyuma. Ilitaja pia ukosefu wa taratibu rasmi za kufuatwa wakati wa kurudisha treni nyuma. Naileta hapa kwa sababu mfumo mkuukuu hujenga tabia zake. Wafanyakazi hujifunza kuishi na ulemavu wa mashine, wakibuni njia za mkato zinazofanya kazi mara elfu moja. Baada ya ajali ile mabehewa yaliyosalimika ya treni zote mbili yaliunganishwa yakawa treni ya Teal, na katika miaka ya 2010 ukafungwa mfumo wa kuziendesha treni kwa kompyuta. Akili mpya ikaingizwa kwenye mwili wa zamani. Ni hatua njema, ila sasa kila hitilafu ina wazazi wawili, na fundi lazima awajue wote.

Wenzao wamefanyaje? Tokyo Disney Resort ina monoreli yake iliyofunguliwa Julai 2001, kitanzi cha kilomita 5 kinachojiendesha bila dereva. Treni za kwanza hazikufika miaka 20 kabla ya mpya, aina ya C, kuanza kuingia Julai 2020, moja baada ya nyingine, huku za zamani zikiendelea kubeba watu. Kule monoreli ni reli kamili kisheria, abiria hulipa nauli, na kampuni inayoiendesha husimamiwa kama kampuni ya reli. Sidhani hiyo ni bahati. Chombo kinachohesabiwa kuwa reli hupewa kalenda ya reli, na kwenye kalenda ya reli treni mpya huagizwa kabla ya za zamani kuchoka.

Seattle walikwenda njia tofauti kabisa. Treni mbili za monoreli za kampuni ya Alweg, zilizojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1962, nyekundu na buluu, bado zinafanya kazi leo. Zimepata moto mwaka 2004 na kugongana mwaka 2005, zikatengenezwa, zikarudi. Vipuri vyake havipo dukani, vinatengenezwa kwa kuagiza. Kinachowezesha hilo ni kwamba mji ulishaamua: hizi ndizo treni zetu, hatungoji nyingine. Uamuzi huo ulifungua mifuko ya matengenezo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba treni ya miaka 35 haiwezi kuendelea, ninamwonyesha ya miaka zaidi ya 60. Tokyo wamebadilisha, Seattle wametunza, na zote mbili zinafanya kazi. Kinachoua ni kusimama katikati, huna pesa za kutunza wala tarehe ya kubadilisha.

Las Vegas ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Monoreli ya kule ilianza mwaka 1995 kwa treni mbili za Mark IV zilizonunuliwa kutoka Disney World, na mwaka 2004 ikapata treni mpya za Bombardier zilizobuniwa kutokana na Mark VI. Ni ndugu wa damu wa treni za Florida, ila wadogo kwa miaka 15. Kampuni iliyoziendesha ilifilisika mara mbili, 2010 na 2020, hadi mamlaka ya utalii ya mji ikainunua njia yote. Viongozi wake walisema waziwazi kwamba treni zile hazitengenezwi tena na kwamba umri wake una kikomo. Nao Bombardier waliuza biashara yao ya reli kwa Alstom ya Ufaransa Januari 2021. Alstom inaunda monoreli kubwa za mijini, ya Cairo ikiwamo, lakini hizo ni treni za jamii nyingine zenye boriti zao. Anayetaka treni inayolingana na boriti ya Florida ya sentimita 66, inayopita ndani ya hoteli na kukunja kona za mwaka 1971, anaagiza nguo ya kushonewa. Kuna usanifu, mfano wa kwanza, majaribio ya usiku kwenye njia ambayo mchana ina abiria, kisha uzalishaji. Hata amri ikitolewa leo, Mark VI zitalazimika kufanya kazi miaka kadhaa zaidi. Ndiyo maana swali la matengenezo halifutwi na tangazo la treni mpya. Tangazo linalifanya kuwa la haraka zaidi.

Kipya kinyemi, na Disney nao ni binadamu. Septemba 2019 walifungua Skyliner, vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo kati ya Epcot, Hollywood Studios na hoteli kadhaa. Ni mfumo mzuri na sina neno nao. Lakini kujenga kitu kipya huleta picha na sherehe ya uzinduzi, wakati kubadilisha nyaya ndani ya kuta za mabehewa 72 hakukati utepe wowote. Kupaka rangi na kubadilisha viti ni kazi njema pia, ila ni kazi inayoonekana, na pesa hupenda kwenda inakoonekana.

Kuhusu usimamizi, mwaka 2023 Florida ilipitisha sheria iliyoipa idara ya usafiri ya jimbo mamlaka ya kukagua monoreli ya Disney. Kila mtu anajua sheria ile ilizaliwa katika ugomvi wa Gavana Ron DeSantis na kampuni, na nisingependa usalama wa abiria uwe fimbo ya wanasiasa. Hata hivyo, ukaguzi wenyewe naukubali kwa moyo wote. Bustani kubwa za Florida zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na wakaguzi wao wenyewe zimesamehewa ukaguzi wa jimbo kwenye michezo yao. Kwa bembea hilo linaweza kujadiliwa. Kwa treni inayopita juu ya barabara na vichwa vya watu, jicho la mtu asiyelipwa na mwenye treni ni la lazima.

Ningekuwa na sauti pale, ningeomba kwanza bajeti ya Mark VI ipangwe kana kwamba hakuna treni mpya hata moja itakayokuja kwa miaka kumi: milango, nyaya, vidhibiti vya mota, vyote vipewe mpango wenye miaka na majina ya treni. Mpya zikiwahi, kilichotumika hakijapotea, kwa maana kimenunua usalama wa miaka hiyo. Pili, idadi ya treni zinazotoka asubuhi iamuliwe na karakana, si na msongamano wa kituoni. Kama treni nane ndizo nzima, zitoke nane, mabasi na vivuko viongezwe, na ubao wa kituoni umweleze mgeni ukweli kuhusu muda wa kusubiri kabla hajapanga foleni. Mzazi mwenye watoto wawili anaweza kuchagua kivuko akijua. Kinachomchosha ni kusimama nusu saa kwenye ngazi bila kuambiwa chochote.

Tatu ni watu. Fundi aliyeijua Mark VI tangu ilipofika mwaka 1989 sasa yuko karibu kustaafu au ameshastaafu. Anajua kwamba treni fulani hulalamika kwenye kona fulani kukiwa na unyevu, na hilo halimo kwenye kitabu chochote cha kiwanda. Akae na vijana kabla hajaondoka, alipwe kwa kufundisha, na anachokijua kiandikwe. Michoro ya kila kipuri kilichotengenezwa kwa mkono ihifadhiwe.

Na siku treni mpya ya kwanza itakapopanda boriti, za zamani zisikimbiliwe kukatwakatwa. Mbili zibaki nzima kwenye ghorofa ile ya juu, zikiwashwa na kutembezwa kila wiki, hadi mpya ya mwisho imalize msimu mmoja kamili wa joto na umati wa Florida. Treni mpya huja na maradhi yake ya utotoni, na wiki itakayogoma, watu wa ng'ambo ya ziwa watakuwa bado wanahitaji kufika.